Sayansi ya Ubongo Ifike Hadi Kinuni

Msikilizaji, ikitajwa sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, wengi wetu hapa Kipatimu mawazo hukimbilia hospitali ya Muhimbili, kwenye mashine za kupiga picha ya kichwa. Uwanja wake ni mpana kuliko hapo. Humo mna chembe moja ya neva na namna inavyopeleka taarifa, mna mtoto anayejifunza kusema, mna kifafa, kiharusi, usingizi na sonona. Na mna chakula chetu. Hapo kwenye chakula ndipo nataka tukae leo.

Mwaka 1985, huko Tarime, ukame ulipokaza, watu walianza kupooza miguu. Mtu alikuwa mzima, ghafla hawezi kusimama. Daktari William Howlett na wenzake waliwachunguza: akili timamu, lakini miguu imekakamaa, magoti yanasuguana, na anayeweza kutembea anakwenda kwa ncha za vidole, fimbo mkononi. Ugonjwa huo ni konzo. Hauambukizi, wala hakuna aliyerogwa. Zimeumia neva zinazoshusha amri kutoka kwenye ubongo hadi miguuni, na ulemavu huo ni wa maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ukazuka Mtwara, kwa jirani zetu kabisa. Huwapata zaidi watoto na kina mama.

Chanzo ni sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo mchungu. Muhogo ukivundikwa na kuanikwa vya kutosha, sumu hutoka. Njaa ikibana, siku za kuanika hupunguzwa. Mwili una njia yake ya kuitoa sumu kwa mkojo, ila unahitaji protini, na mwaka wa njaa dagaa na kunde ndivyo vya kwanza kukosekana.

Simlaumu mama aliyeharakisha makopa ya muhogo huku watoto wanalia. Nawadai wenye elimu. Bwana shamba, mhudumu wa zahanati na mwalimu wa baiolojia wayafundishe haya kabla mvua hazijagoma. Njia ya kuitoa sumu kwenye unga ipo, ilitokana na kazi ya mtafiti Howard Bradbury wa Australia, na imeshafundishwa huku kusini: lowesha unga wa muhogo kwa maji, utandaze mwembamba, usizidi sentimita moja, uuache juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa saa tano. Sianidi hupaa na hewa. Ugali usongwe siku hiyo hiyo.