Kinyago cha Malkia Idia: Mada ya Jioni ya Utamaduni wa Nigeria

(Mada iliyosomwa mbele ya wakaazi katika jioni ya sanaa, muziki na utamaduni wa Nigeria. Inachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Wengi waliofika jioni hii wamefuata muziki, na si vibaya. Muziki wa Nigeria umezoeleka nchini Kenya, kuanzia kwenye matatu hadi kwenye harusi, kiasi kwamba watoto huimba maneno ya Kiyoruba bila kujua maana yake. Hata hivyo, kabla ya ngoma kupigwa, mada hii inaomba muda kidogo wa kumtazama mwanamke mmoja ambaye sura yake imebandikwa pale mlangoni.

Sura hiyo ni ya Idia, mama yake Oba Esigie, mfalme aliyetawala Benin mwanzoni mwa karne ya 16. Benin inayotajwa hapa si Jamhuri ya Benin. Ni ufalme wa watu wa Edo, na mji wake mkuu, Benin City, uko kusini mwa Nigeria. Wenyeji husimulia kwamba Idia alimsaidia mwanawe kwa ushauri, kwa dawa na hata vitani. Naye Esigie akamwanzishia cheo cha Iyoba, yaani Mama wa Mfalme, ambacho hakikuwapo kabla yake. Kinyago chake kilichongwa kwa pembe ya ndovu. Urefu wake ni sentimita 24 hivi, na juu ya kichwa kimezungushiwa vichwa vidogo vya Wareno, watu waliokuwa wakifanya biashara na Benin wakati huo. Ni kidogo mno kufunika uso wa mtu. Inaaminika kwamba Oba alikivaa kiunoni wakati wa sherehe za kumkumbuka mamake.

Mwaka 1977, kati ya Januari 15 na Februari 12, jiji la Lagos liliandaa tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi wa dunia nzima, lililojulikana kwa kifupi kama FESTAC. Serikali ya Nigeria ilikuwa imejenga ukumbi wa taifa wenye umbo la kofia ya mwanajeshi. Miriam Makeba aliimba. Stevie Wonder alitoka Marekani akapiga muziki wake. Sura ya Idia ndiyo iliyokuwa nembo ya tamasha, ikachapishwa kwenye mabango, vitambaa na vitabu.

Kinyago chenyewe hakikuwapo. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo katika British Museum, London. Nigeria haikuwa imedai kurudishiwa moja kwa moja; iliomba kukiazima kwa ajili ya sherehe. Ikakataliwa, kwa hoja kwamba pembe hiyo ni dhaifu na ingeharibika safarini. Basi wachongaji wa Benin wakachukua pembe nyingine na kuchonga nakala. Mwenye sherehe akawakilishwa na pacha wake.

Kilifikaje London? Januari 1897 ujumbe wa Waingereza ulielekea Benin City ingawa Oba Ovonramwen alikuwa ameomba wasubiri, kwa kuwa alikuwa kwenye ibada za mwaka ambazo wageni hawakuruhusiwa kuziona. Wengi katika ujumbe huo waliuawa njiani. Februari, wanajeshi wapatao 1,200 wakaja kulipiza kisasi. Jumba la mfalme liliporwa, mji ukaungua, naye Oba akapelekwa uhamishoni Calabar, alikofia mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya shaba, pembe na mbao vilisafirishwa Uingereza. Baadhi viliuzwa ili kugharamia msafara huohuo uliovipora. British Museum pekee ina zaidi ya 900 vya kutoka Benin.

Inafaa kusema kidogo jinsi vitu vya shaba vinavyotengenezwa, kwa sababu kazi hiyo haijafa. Katika mtaa wa Igun, Benin City, bado kuna chama cha mafundi wa shaba ambao baba humrithisha mwana. Fundi huanza na kiini cha udongo. Juu yake hupaka nta, kisha anaichora nta hiyo kila kitu: nyusi, shanga, michanjo ya usoni. Anaifunika kwa udongo mwingine na kuacha tundu. Akiichoma, nta inayeyuka na kumwagika nje, na ndani panabaki nafasi yenye sura ileile. Hapo humimina shaba iliyoyeyushwa. Ikipoa, anaipasua kalibu kwa nyundo. Kalibu haitumiki mara ya pili, kwa hiyo hakuna vitu viwili vinavyofanana kabisa, na fundi akikosea katika umiminaji, kazi ya wiki nyingi imepotea.

Shaba yenyewe ina kisa chake. Nyingi iliingia kwa njia ya bangili nzito ambazo Wareno walizitumia kama fedha, hata katika ununuzi wa watumwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba madini ya bangili hizo yalitoka eneo la Rhineland, Ujerumani. Kwa hiyo Ujerumani iliporudishia Nigeria vitu 20 mnamo Desemba 2022, huenda shaba ya baadhi yake ilikuwa inafanya safari hiyo kwa mara ya pili.

Sasa muziki. Kwa Wayoruba kuna ngoma inayoitwa dundun, nyembamba katikati kama kinu, ambayo hushikwa kwapani na kupigwa kwa kijiti kilichopinda. Mpigaji akizibana kamba za ngozi, sauti inapanda, akizilegeza, inashuka. Kiyoruba ni lugha ya sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na neno hubadilika maana sauti ikibadilika. Ndiyo maana ngoma hiyo husema kwelikweli: hutaja jina la mtu, ukoo wake na sifa za babu zake, na mwenyewe akigeuka na kutabasamu, watu wanajua ameelewa. Kiswahili hakina mpango huo wa sauti, kwa hivyo anayesikiliza hapa atasikia mdundo tu. Asidhani amesikia yote.

Si kila mwanamuziki alilishangilia tamasha la 1977. Fela Kuti, ambaye pamoja na mpiga ngoma Tony Allen alijenga mtindo wa Afrobeat, alijitoa, akaona ni fahari ya wanajeshi kwa pesa za umma. Usiku alipiga muziki kwenye klabu yake, na wageni wengi wa tamasha wakamfuata huko. Februari 18, siku sita tu baada ya tamasha kufungwa, wanajeshi walivamia nyumba yake na kuichoma. Mamake, Funmilayo Ransome-Kuti, mtetezi mkongwe wa haki za wanawake, alitupwa nje kupitia dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Serikali iliyokuwa imeinua sura ya mama wa mfalme kuwa nembo haikumwepusha mama huyu na mikono ya askari wake.

Kurudishwa kwa mali ya Benin hakukuanza jana. Mwaka 1938 Oba Akenzua II alirudishiwa taji mbili za marijani. Kisha kukawa kimya kirefu. Miaka ya karibuni kasi imeongezeka: mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Aberdeen kilirudisha kichwa cha shaba, mwaka 2022 Horniman Museum ya London ilihamisha umiliki wa vitu 72, mwaka 2025 Uholanzi ikarudisha 119. British Museum inasema sheria ya bunge ya mwaka 1963 inaizuia kutoa mali yake. Idia bado yuko London.

Huko Nigeria nako hakujatulia. Mwaka 2023 rais alitangaza kwamba vitu hivyo ni mali ya Oba. Wengine walitaka vikae katika makavazi mapya yaliyojengwa Benin City, na Novemba 2025 waandamanaji waliingia humo wakati wageni wanaalikwa kuyaona, hata ufunguzi ukaahirishwa. Wapo wanaotumia ugomvi huo kusema kwamba Waafrika hawako tayari kutunza vitu vyao. Hoja hiyo ni dhaifu. Ndugu wakigombania shamba la baba yao, jirani hapati hati ya kulimiliki.

Kenya ina lake. Wapokomo wa Tana River walikuwa na ngadji, ngoma kuu iliyoheshimiwa kuliko zote, ambayo ilichukuliwa wakati wa ukoloni na imekuwa British Museum tangu mwaka 1908. Zaidi ya karne nzima haijapigwa. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee wa Gohu waliofariki, viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya sebuleni. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani. Hivyo havikuporwa na jeshi. Viling'olewa usiku na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na aliyening'oa mara nyingi alikuwa mtu wa hapahapa aliyehitaji karo au unga.

Ndipo suala hili linapofika mlangoni mwa mkaazi wa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka makavazi na shughuli za utamaduni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba ukumbi kama huu hupanuliwa au hufungwa kulingana na kile wananchi wanachokisema kwenye vikao vya bajeti vya wadi, na kwa kawaida vikao hivyo huzungumzia barabara, maji na zahanati hadi jioni, utamaduni usitajwe hata mara moja. Barabara ni muhimu. Lakini hakuna afisa atakayetenga fedha za kuorodhesha ngoma na vigoda vya wazee ikiwa hakuna aliyeomba.

Mwenye kitu cha zamani nyumbani halazimiki kukileta wala kukitoa. Anachoweza kufanya ni kukipiga picha kwa simu, kuandika jina lake kwa lugha ya jamii yake, kilifanya kazi gani na kilitoka kwa nani, na kumwachia nakala msimamizi wa wadi. Picha ya namna hiyo, yenye jina na tarehe, ndiyo ambayo familia nyingi zilizoibiwa vigango hazikuwa nayo siku zilipotakiwa kuonyesha ushahidi.

Wapiga ngoma wako uani na wamekwisha kuota ngozi zao motoni. Nakala ya kinyago cha Idia itabaki mlangoni hadi Jumapili, na watoto wanaruhusiwa kuigusa.