Kazi za Msimu ni Darasa la Watoto Nyumbani

Somo letu la leo lahusu watoto wadogo mlio nao nyumbani. Wekeni daftari na kalamu karibu, maana mwisho wa somo iko kazi ya kufanya.

Nikipita kutembelea madarasa, neno moja nalisikia mara nyingi. Mzazi huniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza a, e, i, o, u. Nitamfundishaje mtoto? Nikimaliza kisomo nitaanza." Wengine huficha daftari lao, mtoto wa darasa la pili asije akaliona akacheka.

Neno hilo nalielewa, lakini silikubali. Mtoto hangoji. Wewe ukikaa miaka miwili darasani, mtoto aliyekuwa na miaka mitatu atakuwa na miaka mitano, na miaka ile miwili hairudi tena. Wala si kweli kwamba huna la kumfundisha. Wewe wajua mbegu njema na mbegu mbovu. Wajua wingu la mvua na wingu la kupita. Wajua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Mtoto mdogo haanzi kujifunza kwa kitabu; huanza kwa mkono, kwa jicho na kwa sikio. Kabla hajaandika tarakimu 5, yafaa awe ameshika vitu vitano mara nyingi: punje tano, kokwa tano, vijiti vitano. Vitu hivyo vyote viko uani kwako.

Sisemi mtoto asiende shule. Umri wake ukifika, aende kila siku. Nasema shule imkute tayari amezoea kutazama, kuhesabu na kuuliza.

Kazi moja, mafungu matatu

Watoto wa nyumba moja hawalingani umri, na mzazi mwenye shughuli zake hawezi kufungua madarasa matatu. Basi fanyeni hivi. Chagueni kazi moja ya msimu, kisha igaweni mafungu matatu.

Mtoto wa miaka 3 au 4 apewe kushika, kuchambua na kutaja majina.

Mtoto wa miaka 5 hadi 7 apewe kuhesabu, kulinganisha na kuandika herufi.

Mtoto wa miaka 8 hadi 11 apewe kupima, kuandika habari na kueleza sababu.

Kazi ni moja, nao wote wameketi pamoja, lakini kila mmoja ana fungu lake. Sasa na tuone misimu yenyewe.

Masika: kopo la mvua

Pwani na kaskazini mwa Tanzania, na sehemu kubwa ya Kenya, masika huwa kati ya Machi na Mei. Kusini, magharibi na katikati mwa Tanzania mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ninyi mlio huko fuateni mvua yenu.

Tafuteni kopo ambalo mdomo wake na kitako chake ni sawa kwa upana. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na paa na miti, mlizungushie mawe lisianguke. Kila siku saa moja asubuhi, simamisheni kijiti kikavu ndani ya kopo mpaka kiguse chini, mkitoe, mpime kwa rula sehemu iliyolowa. Kisha mwageni maji na kulirudisha kopo mahali pake.

Mtoto mdogo ashike kile kijiti na aseme kama mvua ilikuwa nyingi au kidogo. Tena, kila siku ya mvua aweke jiwe moja kwenye mstari karibu na ukuta. Wa kati azihesabu milimita kwenye rula. Mkubwa aandike katika daftari: "Jumatatu, milimita 12." Na wewe mzazi, andika neno moja kwa mkono wako: "mvua". Kesho yake andika "mvua nyingi". Daftari la mvua liwe moja, la nyumba nzima. Hivyo nawe umefanya zoezi lako la kuandika, wala hukuhitaji kuficha kitu.

Mkubwa akizoea, mpeni hesabu hii. Mvua ya milimita 1 ikinyesha mahali penye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1 huleta lita 1 ya maji. Chukueni nyumba ambayo paa lake la bati limefunika mita 4 kwa mita 5. Hizo ni mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, huleta lita 200. Hizo ni ndoo 10 za lita 20! Si zote zitakazofika pipani, maana mengine humwagika. Lakini mama anayekwenda mtoni na ndoo kichwani ataelewa maana ya hesabu hii upesi kuliko mtu yeyote. Haba na haba hujaza kibaba.

Sikilizeni hadhari. Mtoto mdogo aweza kuzama hata katika ndoo yenye maji machache. Pipa lifunikwe, na wadogo wasiachwe peke yao karibu na kisima au mtaro uliojaa.

Mbegu katika kioo

Wakati huo huo wa kupanda, chukueni bilauri ya kioo. Tieni ndani kitambaa kilicholowa, kisha ingizeni punje tatu za mahindi na tatu za maharage kati ya kitambaa na kioo, zionekane kwa nje. Kitambaa kisikauke.

Mdogo achambue mbegu: mahindi huku, maharage huku. Wa kati ahesabu siku kwa kuchora mstari mmoja kila asubuhi. Mkubwa aeleze anachoona. Ataona mzizi hutoka kwanza, chipukizi hufuata. Ataona harage hupasuka likawa vipande viwili, lakini hindi halipasuki hivyo. Mizizi ikiisha kutoka, lazeni bilauri ubavu, mngoje siku mbili. Mzizi utapinda uelekee chini tena. Mwulizeni mtoto, "Nani aliuambia mzizi kuwa chini ni huku?" Msimpe jibu upesi. Mwacheni afikiri, alaze bilauri upande mwingine, atazame tena.

Tumieni punje za chakula tu. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa, nazo huwa na rangi nyekundu, kijani au buluu. Dawa hiyo ni sumu, mtoto asizishike. Tena mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachwe na punje za namna yoyote. Atazitia puani au sikioni, au zitamkaba koo.

*Hapa mwalimu wa darasa asimamishe somo kwa dakika tano. Kila mwanafunzi ataje kazi moja ya msimu huu nyumbani kwake ambayo mtoto wa miaka mitano aweza kuhesabu kitu ndani yake.*

Kipupwe: gunzi na kivuli

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi, na mahali pengi ni wakati wa mavuno. Likizo ya Juni huwaleta nyumbani hata watoto walioanza shule. Mpeni kila mtoto hindi moja lililokua vema, kabla halijapukuchuliwa. Mdogo apukuchue na kutia punje kikomboni. Wa kati ahesabu mistari ya punje, akianzia mstari uliotiwa alama ya mkaa. Atapata 12, au 14, au 16. Mara chache sana atapata namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu tangu gunzi likiwa changa maua yake hupangika jozi jozi. Hapo mmemfundisha namba shufwa bila ubao wala chaki.

Mkubwa ahesabu punje za mstari mmoja, kisha azidishe. Mistari 14 yenye punje 30 kila mmoja ni punje 420. Mwambieni, "Masika tulifukia punje moja, leo imeleta 420." Hesabu hiyo hataisahau, maana ameila.

Kazi ya pili ni ya kivuli. Simamisheni wima uwanjani kijiti kilichotoka ardhini kwa mita 1. Kuanzia saa sita mchana hadi saa saba na nusu, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya robo saa. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Mwezi wa Juni, popote Tanzania, kivuli hicho hulala upande wa kusini. Dar es Salaam kitakuwa na urefu wa karibu sentimita 58. Acheni jiwe moja kubwa hapo, lisiondolewe, na mkubwa aandike tarehe.

Rudieni kazi hiyo katika likizo ya Desemba. Watoto watashangaa! Kivuli cha adhuhuri sasa kimelala upande wa kaskazini, na Dar es Salaam kimefupika kufika karibu sentimita 30. Sababu ni kwamba Juni jua huwa mbali upande wa kaskazini, miali yake hutufikia kwa kuinama, na joto hupungua. Desemba limehamia kusini, nalo liko karibu zaidi na utosi wetu. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kivuli cha adhuhuri karibu hutoweka kabisa. Lakini wakatazeni watoto kulitazama jua lenyewe, kwani huharibu macho. Watazame kivuli tu.

Vuli: kumbikumbi

Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, kumbikumbi hutoka. Watoto hawahitaji kuitwa; watakimbia wenyewe. Mdogo aokote mabawa yaliyoanguka. Wa kati ahesabu: kumbikumbi mmoja ana mabawa manne na miguu sita. Mkubwa aambiwe, "Kumbikumbi watano wana mabawa mangapi?" Ni 20. "Na miguu je?" Ni 30. Kisha wale kumbikumbi wakaangwe, somo liishe kwa kitoweo.

Somo lisigeuke utumishi

Sasa nasema neno zito, nanyi nisikilizeni vema. Yako mashamba ambako msimu wa kupanda ukifika, au msimu wa kuvuna, mtoto hutolewa shuleni akafukuze ndege na kubeba magunia. Mzazi akiulizwa husema, "Namfundisha kazi." Hapana. Kazi ya somo na kazi ya kutumikisha hujulikana kwa alama tatu. Kwanza, kazi ya somo ni fupi. Nusu saa yatosha kwa mtoto mdogo. Pili, ndani yake mtoto huuliza na hujibiwa. Tatu, haili saa za shule wala saa za kulala. Ikikosekana hata alama moja, mmeacha kufundisha. Kusaidia kazi za nyumbani ni malezi mema, lakini msimwibie mtoto siku zake za shule kwa jina la mafundisho.

Na ninyi wenyewe je? Msimu huo huo ndio unaowatoa wengi wenu darasani. Jembe likianza, viti huwa vitupu. Najua shamba halingoji. Lakini daftari la mvua laweza kukaa nyumbani, na mstari mmoja kila asubuhi hauchukui dakika tano. Mtu akiandika mstari mmoja kila siku kwa miezi mitatu ya masika, akirudi darasani atakuwa ameandika mistari zaidi ya 90.

Mtoto wako akisoma neno usiloliweza, mwambie, "Lisome tena polepole." Nawe ulifuate kwa kidole. Hapana aibu hapo. Yeye hukupa herufi, nawe humpa mvua, mbegu na jua.

Wazee wenu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wa Tanzania walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisikia, wakasema, wakatenda. Nasi tufuate njia hiyo hiyo.

Kazi ya wiki hii

1. Taja umri wa kila mtoto mdogo wa nyumbani kwako. Andika majina yao katika daftari lako.

2. Chagua kazi moja ya msimu uliopo. Andika fungu la kila mtoto kwa maneno machache.

3. Hesabu: Paa limefunika mita 6 kwa mita 5. Mvua ni milimita 10. Zimeshuka lita ngapi? Ni ndoo ngapi za lita 20?

4. Jadilianeni: Ni kazi gani za msimu huu, hapa kijijini kwetu, ambazo mtoto asifanye kamwe? Kwa nini?

Wiki ijayo kila mmoja alete mstari mmoja uliotoka katika daftari la nyumbani kwake, asimame, ausome kwa sauti. Hata ukiwa na maneno mawili tu, ausome.

Kwaherini, na wasalimuni watoto.