Mwenyeji ni Nani?
Mazungumzo kwa waongoza wageni, manahodha na wenye makampuni ya ziara na sherehe katika pwani ya Tanga

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya haki katika biashara ya kutembeza wageni na kuandaa shughuli. Huenda wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo, wakililinganisha na mirathi ya wajane, migogoro ya mashamba na rushwa, mambo ambayo vijitabu vyetu vimezoea kuyaeleza. Sisi hatulioni kuwa dogo. Kijana wa Ushongo au wa Tongoni aghalabu hupata ujira wake wa kwanza kwa kubeba mizigo ya mgeni au kupanga viti vya harusi, na jinsi anavyolipwa siku hiyo ndivyo atakavyoamini kwamba kazi hulipwa duniani.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imependwa mno na wafanyabiashara, na hatuna ugomvi nayo. Tunachouliza ni kitu kimoja tu: katika kampuni yenye ofisi ya chumba kimoja, simu mbili na boti ya kukodi, mwenyeji anayepaswa kupona ni nani?

Kwanza tuitazame biashara yenyewe ilivyo. Mgeni atokaye Ulaya au Marekani akija Tanzania huenda Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, kisha hupanda ndege kwenda Unguja. Tanga humpata yule mwenye siku za ziada, au aliyechoshwa na msongamano. Kwa hiyo kampuni ya hapa haiwezi kuishi kwa watalii peke yao. Leo inapeleka wanafunzi katika mapango ya Amboni, kesho inapamba ukumbi wa harusi, keshokutwa inahudumia semina ya watumishi wa serikali, na Jumapili ina Wazungu wanne waendao Maziwe. Ni biashara ya kudunduliza, na mwenye kampuni mara nyingi si tajiri. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, walifika kama 620,000 tu. Wenye hoteli kubwa waliyumba. Wenye kampuni za chumba kimoja walirudisha funguo. Twayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba tumekuja kumshitaki mtu ambaye naye anahangaika na kodi ya nyumba.

Hata hivyo uchache wa mapato hauondoi swali. Tujiulize kampuni hii huuza kitu gani. Fungu la Maziwe, lililo baharini yapata kilomita 8 kutoka Pangani, ni eneo tengefu tangu mwaka 1975. Wazee wanalikumbuka lilipokuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wengi wakipanda kutaga. Miti ikatoweka, mchanga ukaliwa na bahari, na kufikia miaka ya 1980 maji yakijaa hakuna kitu kinachoonekana. Kasa hawajalisahau, bado hupanda, na mayai yao huhamishiwa pwani ya Ushongo ili yasizame. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kijiji. Au twende Tongoni, katika njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi kama 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Ni Mtangata ya zamani, na katika maji ya sehemu hizo Vasco da Gama aliiteketeza mojawapo ya merikebu zake mwaka 1499. Mgeni hulipa ili ayaone hayo. Kampuni haikuyajenga makaburi, wala haikuwafundisha kasa kupanda. Inachokuwa nacho ni simu, picha nzuri na lugha ya Kiingereza. Si haba, maana bila hivyo mgeni asingefika. Lakini mali yenyewe ni ya wengine, na wengi wao hawajui hata bei iliyotajwa kwa mgeni.

Sasa tumtazame nahodha, kwa kuwa kwake ndiko tunakotaka kukaa zaidi.

Safari ya Maziwe haipangwi kwa saa ya ofisini. Hupangwa kwa maji. Fungu huonekana maji yakitoka, na mgeni hana budi kufika na kuondoka kabla hayajarudi. Tena kuna upepo: wakati wa kaskazi bahari huwa tulivu zaidi, na kusi ikishika, asubuhi njema yaweza kugeuka kabla ya adhuhuri. Mwenye kujua hayo ni nahodha. Hakuyasoma popote; aliyapata kwa baba yake na kwa miaka yake ya kuvua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wageni sita wameilipa kampuni shilingi laki sita. Humo mnatoka mafuta, ada ya hifadhi, chakula, kukodi boti na miwani ya kuzamia. Nahodha ameambiwa atapata elfu ishirini, baharia wake elfu kumi. Hatusemi kwamba kiasi hicho ni kidogo au kikubwa, kwani hesabu za kila kampuni ni zake. Tunalotaka mlione ni sharti lililojificha ndani yake: nahodha atalipwa *akienda*. Wiki nzima kabla ya safari, kampuni imekwisha kupokea arubuni kwa simu au kwa benki. Nahodha ameacha kwenda kuvua siku hiyo, ameifua boti, ameijaza mafuta. Kunapambazuka upepo mbaya. Akikataa kutia nanga juu, kampuni inabaki na arubuni, mgeni anabaki hotelini na chai yake, na nahodha anarudi nyumbani mikono mitupu. Yeye peke yake ndiye aliyepoteza siku nzima kwa kusema kweli.

Mwenye watoto wanne atasema kweli hiyo mara ngapi?

Hapo ndipo haki na usalama hukutana, ndugu zangu. Tukikaa katika semina tukawaambia manahodha wasiende baharini wakati wa dhoruba, huku tumewawekea malipo yanayowasukuma kwenda, maneno yetu ni ya bure. Sote tunakumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012, na misiba iliyoingia Unguja na Pemba. Tunakumbuka pia Januari 2017, ilipopinduka boti iliyotoka hapa Tanga kwenda Pemba, karibu na kisiwa cha Jambe, watu zaidi ya kumi wakafa. Vyombo hivyo vilikuwa vya abiria na habari zake ni nyingine. Lakini bahari ni ile ile, nayo haimwulizi mtu kama amebeba abiria au mtalii. Jaketi za kuokolea zinapaswa kuwa nyingi kama vichwa vilivyomo, pamoja na cha baharia. Tumeona boti ambazo wageni wote wamevaa jaketi za rangi, na kijana aliyeshika usukani ana fulana yake tu.

Mkoa huu unaijua habari ya siku isiyolipwa. Mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, mwaka 1893, na kwa miongo mingi uliwavuta manamba kutoka mbali. Walilipwa kwa kipande: kadi ya siku 30, na mshahara ulipatikana kadi ilipojaa. Mnyapara asipoiweka alama siku yako, siku hiyo haikuwako duniani. Babu zetu wengine waliishi hivyo. Basi inashangaza kuona wajukuu, wamiliki wa kampuni, waliosoma kwa jasho la mkonge, wakiurudisha utaratibu ule ule na kuuita "kulipwa kwa kazi".

Sheria inasaidia kwa kiasi chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Lakini anayefanya kazi pungufu ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja ameachwa nje ya kifungu hicho. Na nahodha wetu, na kijana wa viti, na mama wa jikoni, ndio hasa wenye siku tatu huku na siku nne kule. Kwa hiyo hatuwezi kungoja sheria itufikie. Maandishi hayakatazwi kwa kuwa hayajalazimishwa.

Upande wa sherehe mambo ni hayo hayo, isipokuwa hufanyika usiku. Kijana hufunga maturubai tangu asubuhi, harusi huisha saa nane au saa tisa usiku, naye huanza kufungua. Malipo huwa "njoo kesho", na kesho bwana harusi bado hajamalizia deni lake kwa kampuni. Deni la bwana harusi linamhusu nini mbeba viti? Sheria hiyo ya mwaka 2004 inasema kazi ya baada ya saa mbili usiku huongezewa asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Ni nyongeza ndogo sana. Hata hivyo hatujui wengi wanaoitoa. Wapishi nao hupewa ukoko na mabaki ya pilau kama kwamba ndiyo shukrani. Sahani ya chakula ni adabu njema ya nyumba yenye shughuli, ila haiwi mshahara.

Tena kuna wanamuziki. Mji wa Tanga ulioipa Afrika Mashariki taarabu ya Black Star na Lucky Star unajua kwamba mwimbaji hutunzwa na wasikilizaji. Kampuni nyingine huhesabu fedha za kutunzwa kama sehemu ya malipo, wakati wageni kutoka ng'ambo hawaijui desturi ya kutunza. Waimbaji huimba saa mbili mbele ya watu wanaopiga makofi kwa heshima, na kuondoka na nauli. Na kwa baikoko, ambayo jina la Tanga limeenea nayo nchi nzima, twaomba mtuwie radhi tuseme wazi: kumpeleka binti wa miaka 16 acheze hivyo mbele ya wanaume wageni walevi si kuonyesha utamaduni, hata tangazo likisema hivyo.

Kuhusu ruhusa tutasema kidogo. Katika visiwa vya Fiji, kule Pasifiki, mwenye kampuni hawezi kumwingiza mgeni kijijini hivi hivi. Mgeni huenda kwanza kwa mkuu wa kijiji na mizizi ya yaqona, hujitambulisha, hupokewa, ndipo hutembea. Sisi tulikuwa na desturi iliyokaribia hiyo: kwenda kwa wazee, kukaa barazani, kunywa kahawa na kueleza shida. Siku hizi gari husimama moja kwa moja makaburini. Amboni watu huingia pangoni na ubani na sadaka zao. Mnajua Kanisa letu linavyofikiri juu ya mizimu, wala hatubadilishi neno leo. Lakini mwanamke aliyepiga magoti gizani kuomba mtoto si kitu cha kupigwa picha na mtu aliyelipa kiingilio. Mwongoza wageni asimame mbele ya kamera.

Kijiji kinachotembelewa kipate fungu lake, tena lijulikane. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi lilisaidiana na Bodi ya Utalii kuanzisha utalii wa kiutamaduni, na Usambara na Pangani zimo katika mpango huo. Ulikuwa na jambo moja la busara: katika bei ya mgeni mlikuwa na mchango wa maendeleo ya kijiji. Mchango huo huleta faida pale tu hesabu inapobandikwa ubaoni, ambapo mwanakijiji yeyote aweza kusimama akaisoma. Ukimkabidhi mwenyekiti bahasha, umemsaidia mwenyekiti.

Mtatuuliza juu ya kulindwa kwa wazawa. Ulinzi upo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inawatengea Watanzania kazi kadhaa, ikiwamo ya kuongoza wageni, na Julai 2025 serikali ilitoa amri nyingine inayowazuia wasio raia kufanya kazi hiyo. Tunaipokea amri hiyo kwa furaha. Ila aliyemnyima nahodha siku yake, katika habari tulizoletewa, hakuwa mgeni. Alikuwa mwenzake wa mtaa mmoja.

Basi twaja kwenye karatasi. Tume imeandaa mkataba wa mfano, ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Una mambo machache. Nahodha au kibarua apate sehemu ya arubuni siku ile ile kampuni inapoipokea. Safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa, nahodha alipwe nusu ya ujira wake, na uamuzi wa kutokwenda uwe wake, asibishiwe na ofisi wala na mgeni. Bahashishi aliyoitoa mgeni ni ya aliyepewa. Kazi ya usiku ilipwe kabla maturubai hayajapakiwa garini. Wenye kampuni wamelalamika kwamba nusu hiyo itawamaliza. Tumewajibu kwamba gharama hiyo iingizwe katika bei ya mgeni tangu mwanzo, kama mafuta yanavyoingizwa, na mgeni aelezwe sababu. Wako watakaopata bei nafuu kwingine na kuondoka. Hilo hatuwezi kulificha, na ndiyo sababu tunawaomba makampuni ya Pangani na ya Tanga mjini mkubaliane pamoja, asije mmoja akaadhibiwa kwa kutenda haki.

Kaskazi inaanza Desemba, na wageni wa Krismasi watakuwa wamekwisha kutuma arubuni zao kabla ya hapo. Mikataba itiwe saini mwezi wa Novemba. Nakala zipo mezani kwa katibu, bila malipo. Nahodha asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, kisha aondoke na nakala yake mkononi.