Nani Ananunua Mahindi, Nani Anapangisha Nyumba: Tanzania na Kenya Baada ya Uhuru

Mada kwa semina ya walimu wa Uraia



Tumezoea kuingia darasani na kuchora jedwali: huku ubepari, kule ujamaa. Wanafunzi wanakariri na mtihani wanafaulu. Waulize Kenya ya Jomo Kenyatta ilifuata mfumo gani. Watajibu ubepari bila kusita. Kenya yenyewe haikujiita hivyo. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ambao waziri Tom Mboya aliutetea kwa nguvu zote, ulitangaza Ujamaa wa Kiafrika tangu kwenye jalada.

Basi majina tuyaweke kando, tuulize mambo mawili: mkulima anamuuzia nani, na kiongozi anaruhusiwa kumiliki nini?

Tuanze na mahindi. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa Tanzania mwaka 1976, mnunuzi halali alibaki NMC, shirika la umma la nafaka. Bei ilipangwa na serikali, nayo ilikuwa moja nchi nzima, gunia litoke Songea au Morogoro. Nauli ya lori haikumhusu mkulima. Ndiyo maana Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa, mikoa iliyo mbali na walaji wa Dar es Salaam, iliibuka kuwa ghala la taifa. Nauli ililipwa na shirika, na shirika likazama kwenye madeni.

Kwa mujibu wa jedwali letu, Kenya mfanyabiashara wa nafaka alipaswa kuwa huru. Hakuwa. Bodi ya serikali ilinunua kwa bei iliyopangwa, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Masharti hayo yaliendelea hadi miaka ya 1990. Hata chai ya wakulima wadogo, fahari ya Kenya, ilisimamiwa na chombo cha serikali, KTDA, kilichoanzishwa mwaka 1964. Chombo hicho ndicho kilichogawa miche, kukusanya majani na kujenga viwanda.

Tofauti ya ardhi, hati ya mtu binafsi kule na ardhi ya umma huku, mnaifundisha vizuri, naipita.

Swali la pili ndilo linalozitenga nchi hizi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hakuwa waziri peke yake. Sharti lilishuka hadi kwa watumishi wa serikali wa ngazi ya kati. Mchukulieni afisa aliyejenga vyumba vya uani Magomeni ili kodi isaidie ada za watoto. Alitakiwa kuchagua: cheo au wapangaji.

Miaka minne baadaye, 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilipendekeza kinyume chake: mtumishi wa umma aruhusiwe kufanya biashara, mradi isigongane na kazi yake. Mlango ukafunguka. Afisa akawa na shamba, duka, matatu na nyumba za kupangisha Nairobi, na mwenye kutoa leseni akaweza kuwa huyohuyo mwenye kuiomba. Kwa maoni yangu, ubepari wa Kenya tunaoufundisha ulipata miguu hapo, wala si katika Waraka wa 1965.

Sisemi Arusha ilizaa malaika. Katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na sukari zilipokuwa zikipitishwa mlango wa nyuma, aliyeshika funguo za stoo ya RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, hakuhitaji hisa wala nyumba ya kupangisha ili aneemeke.

Baadaye nchi hizi zikapishana njiani. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi. Kenya, katika Katiba ya 2010, ikaandika Sura nzima ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, na kifungu cha 77 kinamzuia afisa wa serikali aliyeajiriwa muda wote kushika ajira nyingine ya malipo.

Kwa kazi ya vikundi: kundi la kwanza lichukue Sweden, la pili China baada ya 1978, ambako shamba ni la kijiji na mavuno ni ya familia. Yajibuni maswali yote mawili kabla ya kuipa nchi jina la mfumo. Tukutane baada ya chai.