Kinachoonekana na Kisichoonekana: Istilahi za Mimba, Uzazi na Unyonyeshaji katika Kiswahili

1. Utangulizi



Lugha ya Kiswahili ilikuwa na maneno ya mimba na uzazi tangu zamani, kabla haijawa na istilahi za biolojia. Maneno hayo hayakuundwa na kamati. Yalitokana na wanawake waliozaa, wakunga waliopokea watoto na makungwi waliowafunda wari. Kwa sababu hiyo yana sifa moja ambayo ndiyo msingi wa mhadhara huu: mengi hutaja kile ambacho jicho liliweza kukiona na mkono kukishika. Fiziolojia, kwa upande wake, hujishughulisha na yale yanayotendeka ndani ya mwili, mahali ambapo jicho la mkunga halikufika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pengo kati ya aina hizi mbili za ujuzi si suala la wanaleksikografia peke yao. Mama anapochelewa kufikishwa hospitali, wakati mwingine sehemu ya sababu imo katika jina la maradhi yake.

2. Mbegu na yai

Kiswahili husema kwamba mimba hutungwa. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa shanga na kwa shairi, yaani kwa kitu kinachopatikana kwa kuunganisha vitu vilivyokuwa mbalimbali. Maana hii inaafikiana vyema na fiziolojia. Takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yai lililopevuka hutoka katika ovari na kuingia katika mrija wa uzazi. Yai hilo huweza kurutubishwa kwa muda wa siku moja hivi tu, ilhali mbegu ya kiume huweza kuishi katika mwili wa mwanamke hadi siku 5. Zinapokutana, kila moja huleta kromosomu 23, na kiumbe kipya huanza na kromosomu 46. Siku chache baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 10, kiinitete hujipachika katika ukuta wa mji wa mimba.

Neno mbegu, kinyume na kitenzi tunga, linatoka shambani. Mkulima anajua kwamba mbegu imebeba mmea wote, na kwamba udongo hutoa lishe tu. Kwa hiyo sitiari hii inamfanya baba kuwa mpanzi na mama kuwa shamba. Waswahili si peke yao katika fikra hiyo. Lugha za Ulaya nazo zilichukua neno la mbegu kutoka Kigiriki na Kilatini. Hata baada ya Antonie van Leeuwenhoek kuziona mbegu za kiume kwa hadubini mnamo 1677, ilipita miaka 150 kabla ya Karl Ernst von Baer kueleza yai la mamalia mnamo 1827. Katika kipindi hicho chote mchango wa mwanamke haukuwa na umbo la kuonyeshwa.

Athari ya sitiari hii ni ya kijamii. Yai la mwanamke siku zote hubeba kromosomu ya X. Mbegu ya mwanamume hubeba ama X ama Y, na kwa kawaida ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Hata hivyo, wako wanawake walioachwa au kuongezewa wake wenza kwa kuwa wamezaa mabinti watupu. Sitiari ya shamba yenyewe haikubaliani na lawama hiyo, kwani mkulima aliyepanda mtama halilaumu shamba kwa kutootesha mpunga. Vivyo hivyo, kutopata mtoto huweza kutokana na mume, na mke, au na wote wawili, lakini neno tasa, katika matumizi ya kila siku, humwangukia zaidi mwanamke.

3. Kondo la nyuma

Mfano wa pili ni kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Jina la kwanza hutaja mahali pake katika mfuatano wa matukio: hutoka nyuma, baada ya mtoto. La pili hutaja kuzaa. Yote mawili hukitambua kiungo hiki siku kinapomaliza kazi.

Lakini kazi yenyewe hufanyika kwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Kupitia kondo, oksijeni na virutubisho hutoka katika damu ya mama na kumfikia kijusi, na uchafu wa mwili wa kijusi hurudishwa kwa mama ili utolewe. Damu za wawili hao hupita karibu karibu bila kuchanganyika kwa kawaida. Kondo hutengeneza pia homoni zinazoihifadhi mimba, ikiwemo ile inayopimwa katika mkojo ili kujua kama mwanamke ni mjamzito. Aidha, kiungo hiki hukua kutokana na yai lililorutubishwa. Kwa asili ni cha mtoto zaidi kuliko cha mama.

Msichana anayefundishwa kwamba kondo ni kitu kitokacho baada ya mtoto hajaelezwa kwa nini moshi wa sigara avutayo mama au pombe anywayo humfikia mtoto tumboni. Hata hivyo, ujuzi wa wakunga uliomo katika jina hili haufai kudharauliwa. Kwa kusema kwamba kuna kitu cha nyuma, lugha inasisitiza kwamba uzazi haujakwisha mtoto anapolia. Kondo lisipotoka, au likitoka vipande vipande, mji wa mimba hushindwa kujikaza barabara, na mama huweza kuvuja damu nyingi. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazazi duniani.

4. Kifafa cha mimba

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Kifafa cha mimba ni jina la mishtuko ya mwili inayompata mjamzito au mzazi mwenye shinikizo kubwa la damu. Aliyeliunda alifananisha kilichoonekana: mwili kukakamaa, kutetemeka na fahamu kupotea. Ufananisho huo ni sahihi kwa jicho, lakini si kwa chanzo. Maradhi haya si kifafa. Yanahusiana na kasoro katika kondo na mishipa ya damu, na kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20 ya mimba. Dalili za mwanzo ni shinikizo la damu kupanda, protini kuonekana katika mkojo, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na maumivu ya tumbo upande wa juu.

Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, hutaja mwisho wa maradhi, na hatua ya kabla yake haina jina lililoenea miongoni mwa watu. Mama asiyeanguka hana kifafa. Basi kichwa kinachomuuma huitwa uchovu, na miguu iliyovimba huitwa kawaida ya wajawazito. Pili, katika jamii ambamo kifafa huhusishwa na pepo, jina huweza kumwelekeza mgonjwa kwa mganga kabla ya hospitali. Saa zinazopotea hapo haziwezi kurudishwa. Na dawa ipo: utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mama mwenye dalili za awali kufikia kupata mishtuko. Dawa hiyo humsaidia aliyewahi kutambuliwa.

5. Dang'a na kubemenda

Katika unyonyeshaji Kiswahili kina neno maalumu, dang'a, kwa maziwa ya kwanza ya mzazi. Ni machache, mazito, yenye rangi ya manjano, na yamejaa kingamwili. Katika baadhi ya jamii yamekuwa yakikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu. Jicho liliona rangi, kinga haikuonekana. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa Waislamu wa mwambao muda huo si mgeni, kwa kuwa miaka miwili imetajwa katika Kurani, Sura ya Pili.

Neno kubemenda linahitaji uangalifu zaidi. Husemwa kwamba mtoto hudhoofika wazazi wakikutana kimwili kabla hajaachishwa ziwa. Shahawa haziingii katika maziwa, na imani hii haina msingi wa kifiziolojia. Lakini walioiunda walikuwa wameona jambo la kweli: mimba mpya ikiwahi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa mapema na huweza kudhoofu. Neno kwashakoo lenye asili ya Kiga cha Ghana, ambalo Cicely Williams aliliingiza katika tiba katika miaka ya 1930, nalo hutaja mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Tofauti ni kwamba neno la Kiga humtaja mtoto, ilhali kubemenda hutaja kosa la wazazi. Mama anayeogopa kosa hilo kutangazwa huweza kumficha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka kliniki.

6. Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba maneno haya yatupwe. Istilahi mpya ambayo mama haijui haitamfikisha hospitali. Kinachotakiwa ni mambo matatu. Kamusi zifafanue viungo vya uzazi kwa kazi zake, si kwa mwonekano wake tu. Hatua ya kabla ya kifafa cha mimba ipewe jina jepesi linalotaja shinikizo la damu, ili mtu aweze kulitamka kabla mgonjwa hajaanguka. Na wauguzi, wakunga wa jadi na wanaisimu waketi pamoja istilahi zinapoundwa, kwa kuwa kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wanaisimu hawawezi kuubeba uchungu huo, lakini wanaweza kuhakikisha kwamba mzazi anapoueleza anayo maneno ya kumfanya aeleweke mapema.