Shilingi Zinazokaa Kushoto



Wengi wetu tukishafungua jedwali la hesabu kwenye kompyuta, haraka yetu ni kulipamba. Majina yawekwe katikati, fedha zisogezwe kulia, kichwa kikolezwe wino. Mimi leo nasema mahali tarakimu inapokaa ndani ya kisanduku chake si urembo. Ni ushahidi.

Makarani wa vitabu vya hesabu walipanga tarakimu kulia ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Bila hivyo kujumlisha kwa kalamu ni balaa. Programu za kompyuta zikaurithi utaratibu huo. Katika Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, maneno yalikaa kushoto na tarakimu kulia, na aliyetaka maneno yakae katikati alitanguliza alama ya kikofia. Excel nayo, usipoigusa, hufanya vivyo hivyo: maneno kushoto, tarakimu kulia. Kwa hiyo ukiandika kiasi cha fedha kikaenda kukaa kushoto, mashine inakuarifu kwamba haikukiona kuwa ni fedha. Imekiona ni neno tu, kama jina la mtu.

Na sisi tuna mazoea yetu ya kuandika 50,000/=. Kwenye stakabadhi ni sawa kabisa, tena inazuia mjanja asiongeze sifuri. Kwenye kompyuta alama hizo mbili za mwisho huigeuza tarakimu kuwa neno, na amri ya kujumlisha, SUM, huyaruka maneno kimya kimya.

Kikundi kimoja cha kufa na kuzikana kiliniita nitazame hesabu zake. Watu 24 walitoa 50,000 kila mmoja, na stakabadhi zote zilikuwapo. Hiyo ni 1,200,000. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ilisema 1,050,000. Kikao kikachafuka. Mama mweka hazina, mtu mzima wa kuheshimika, akaulizwa 150,000 ziko wapi, na waliomuuliza hawakuuliza kwa adabu. Jedwali lenyewe lilikuwa safi mno, safu yote ya fedha imenyooka kulia. Nikaondoa ule mpango wa kulia uliowekwa kwa mkono. Papo hapo viwango vitatu vikarukia kushoto, vyote vimeandikwa 50,000/=. Kijana aliyechapa alikuwa ameviona vimepinda, akavinyoosha kwa kubonyeza kitufe. Alinyoosha sura, kosa likabaki ndani.

Waliokuja kwenye kompyuta kutoka kwenye taipu wana ugonjwa mwingine, wa kusukuma maneno kwa kitufe cha nafasi. Kwenye taipu hapakuwa na namna. Mchapaji hodari alihesabu herufi za kichwa na kurudi nyuma nusu yake ili kikae katikati. Kwenye jedwali kila nafasi tupu ni herufi kamili. “Juma” aliyetanguliziwa nafasi si “Juma” wa kawaida: ukipanga majina kwa alfabeti anaruka mbele ya Abdallah, na ukimtafuta malipo yake mashine inasema hayupo. Kipo kitufe cha kusogeza maneno ndani bila kuongeza herufi yoyote. Kitumike hicho.

Alama za reli, ####, zisikutishe. Safu ni nyembamba, ipanue.

Kwa anayezipenda /= zake, na mimi ni mmoja wao, dawa ipo. Andika tarakimu tupu, 50000. Kisha ingia kwenye mpangilio wa namba, pale pa kujitungia mwenyewe, uandike #,##0"/=". Mashine itaonyesha 50,000/= huku ikiendelea kuihesabu kuwa fedha. Na kabla ya kuchapa karatasi ya kupeleka kikaoni, ondoa kwanza mipango yote ya kushoto na kulia kwenye safu ya fedha, utazame nani amehama.