Malezi ya Vifaranga ili Wazoeane na Watu



Katika miji mingi ya mashambani kazi ya kukamata kuku ni vita. Watoto huitwa, fimbo hushikwa, kuku hukimbizwa kulizunguka ghala na kuingia katika mahindi, na mwisho hukamatwa kwa bawa au kwa mguu mmoja, naye akipiga kelele za kufa. Watu hucheka, kisha husahau. Lakini kuku hasahau. Tangu siku hiyo akimwona mtu hukimbia. Hutaga vichakani ambako nguchiro na nyoka huyapata mayai kabla ya mwenyewe. Tena usiku hupanda mtini badala ya kuingia bandani. Ndipo watu husema ya kuwa kuku wa kienyeji ni mwitu kwa asili yake. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Damu hutofautiana, na wako kuku waoga kuliko wengine. Lakini sehemu kubwa ya woga huo hupandwa na watu, na wakati wa kupanda kinyume chake ni mfupi sana.

Ufupi wake ulipata kujulikana zamani. Katika mwaka 1873 Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, aliandika habari za vifaranga aliowafunika macho mara walipoanguliwa. Wale aliowafunua mapema walimfuata yeye kama wamfuatavyo mama yao. Lakini watatu waliokaa gizani mpaka karibu siku ya nne, walipofunuliwa, walimkimbia kwa hofu kuu. Baadaye, mwaka 1935, Konrad Lorenz wa Austria aliandika kwa urefu juu ya jambo hilo hilo katika ndege, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa wataalamu watatu waliogawana Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama. Kwa kifupi, kifaranga huzaliwa akitafuta wa kumfuata. Baada ya siku mbili tatu mlango huo huanza kufungwa, na kila kitu kigeni humtisha. Haufungwi kabisa, ila aliyechelewa atafanya kazi ya majuma kwa jambo ambalo lingechukua siku chache.

Tena malezi huanza kabla ya yai kupasuka. Kuku hulalia mayai kwa siku 21, na katika siku za mwisho kifaranga aliye ndani husikia sauti, naye hulia na kujibiwa na mama yake. Kwa hiyo anayetumia mashine ya kuangulia, au anayenunua vifaranga wa siku moja, yafaa achague mlio mmoja au neno moja la upole, alitumie tangu mwanzo kila aletapo chakula, wala asilibadili.

Sasa juu ya mkono. Hapa ndipo wengi hukosea, nao hukosea kwa nia njema. Mtu husimama juu ya sanduku la vifaranga, hunyosha mkono kutoka juu, na kumnyakua mmoja ili ampapase. Kwa kifaranga, kitu kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Hakufundishwa na mtu kuogopa hivyo; amezaliwa nalo. Afadhali mtu akae chini kabisa, aingize mkono kutoka ubavuni, auweke sakafuni kiganja kikiwa juu na chembe za chakula ndani yake, kisha atulie. Mara ya kwanza watakimbilia pembeni. Asiwafuate. Baada ya kitambo mmoja atakuja, atadonoa, atakimbia, atarudi, na wenzake wataona. Vifaranga hujifunza kwa kutazamana. Mchwa hupita unga wote kwa kazi hii, na nchi za magharibi ya Kenya, ambako wazee hutega mchwa kwa ajili ya vifaranga, zina faida kubwa hapa. Dakika kumi, asubuhi na jioni, zatosha. Wakishazoea kupanda kiganjani, ndipo mtu huwainua kwa mikono miwili, miguu ikiegemea kiganja, na kuwarudisha chini kabla hawajaanza kuhangaika.

Lakini kifaranga anayetetemeka kwa baridi hawezi kumpenda mtu yeyote. Juma la kwanza ahitaji joto la digrii 32 hadi 35 za Selsiasi, nalo hupunguzwa kidogo kidogo kila juma. Asiyekuwa na kipimo awatazame wenyewe: wakijirundika, wana baridi, wakikimbia mbali na moto huku wakitweta, wameungua, wakitawanyika na kulialia kwa sauti ndogo, wameridhika. Katika Limuru au Nyandarua wengi hutumia jiko la makaa. Jiko lenye moshi lisiingizwe, na pawe na nafasi ya hewa juu, kwa kuwa hewa ya makaa huua kimya. Chombo cha maji kiwe kifupi, chenye vijiwe ndani, wasije wakazama. Wala watoto wasipige kelele karibu, maana vifaranga wakishtuka hulundikana pembeni na wa chini hukosa pumzi.

Wanaoleleshwa na kuku mwenyewe je? Basi hapo mwalimu ni mama. Akitoa sauti ya hofu mtu anapopita, wanawe wote hulala chini, nao hujifunza ya kuwa mtu ni adui. Kwa hiyo mayai ya kulaliwa yawekwe chini ya kuku mpole, hata kama jirani yake mkali ana umbo zuri zaidi. Mama huyo apewe chakula kwa mkono kila siku akiwa bado analalia.

Kuna mchezo mmoja usiofaa. Vijana humlaza kuku chali, humshika kidogo, naye hutulia kana kwamba amelala, husema amezoea. Sivyo. Huko ni kuganda kwa hofu, kama afanyavyo anaponaswa na mnyama. Kadhalika kifaranga asilelewe peke yake na watu tu, kwa maana hatajua desturi za kuku wenziwe. Na jogoo aliyebembelezwa mno huweza kumwona mtu kuwa jogoo mwenzake na kuwarukia watoto kwa vipi vyake. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni baada ya kushika vifaranga, wala wasiwabusu, kwa sababu ndege walio wazima kwa kuwatazama huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Wako pia wasemao kuku akizoewa sana atawaliza watoto siku ya kufika mgeni. Hilo ni kweli, na hakuna dawa yake.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni juu ya ugonjwa wa kideri, ambao madaktari wa mifugo huuita Newcastle. Uliandikwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1935, nao ukiingia katika kijiji kisichochanja huweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, na pamoja nao karo ya shule ambayo mama wa nyumba alikuwa akiihesabu. Hauna tiba, bali una chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa katika Australia ili istahimili joto kuliko zile za zamani, hutiwa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila miezi minne. Tone ni dogo na kazi ni rahisi, ila kila kuku lazima ashikwe. Pale kuku wanapolala mitini, Bwana Mifugo huchanja nusu yao na kurudi zake, na nusu iliyobaki hungoja ugonjwa.

Nyumba yenye kuku waliozoea hufanya hivi. Jioni huingia wenyewe bandani na mlango hufungwa. Kabla ya mapambazuko mtu mmoja huingia na taa ndogo, huwatoa mmoja mmoja kutoka kitagaani kwa mikono miwili, na mwingine hutia tone. Kuku hushikwa mpaka apepese jicho na tone lienee, ndipo huachiwa uani. Chupa ya chanjo hukaa kivulini, imefungwa kitambaa chenye maji, na majirani wote huchanja siku hiyo hiyo.